Nguchiro Akata Bima kwa Mamba

Jamani, nina hadithi kichwani, niitue?
— Itue!
Ina meno. Hamtakimbia?
— Hatukimbii, itue!

Basi palikuwa na Nguchiro, mama wa watoto kumi na wawili. Kumi na wawili, na wote viguu na njia! Leo harusi ng'ambo ya mto, kesho matanga, keshokutwa kwa bibi. Na mwaka uliopita, pale kivukoni, kitindamimba alitoka majini hana nusu ya mkia. Nguchiro alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Mwaka huu nakata bima ya safari," akasema. "Sivuki tena roho mkononi."

Akaenda kwa Fisi.

"Bima ya safari unayo?"

"Ninayo."

"Familia nzima?"

"Nzima."

"Mwaka mzima?"

"Mzima. Mayai kumi ya kanga."

"Na mtoto akipotea, utanipa nini?"

Fisi akacheka, hi hi hiii! "Nitakupa pole."

Nguchiro akaondoka zake, akaenda kwa Kobe.

"Bima ya safari unayo?"

"Ninayo. Familia nzima, mwaka mzima, mayai sita."

"Na mtoto akipotea?"

"Nitakuja kumtafuta."

"Lini?"

"Mwakani, Mungu akipenda."

Haya, akaenda kwa Mamba.

"Bima ya safari unayo?"

"Ninayo! Familia nzima, mwaka mzima, yai moja. Tena nawavusha mwenyewe mgongoni." Akawatazama watoto, akameza mate, gulu!

 Nguchiro alimjua vizuri aliyekula ule mkia. Lakini kivuko ni kimoja tu, na harusi ya mdogo wake ilikuwa Ijumaa.

"Bei yako tamu," akasema. "Ila Fisi kaniahidi sikio lake, mtoto akipotea."

Uongo mtupu! Tumsamehe, ana watoto.

"Sikio?" Mamba akafoka. "Sikio la Fisi lina nyama gani? Mimi natoa mkia!"

"Wote?"

"Wote!"

"Akipotea majini au nchi kavu?"

"Popote!" Ahadi si inatolewa tu? Kulipa alikuwa hana nia hata kidogo.

Nguchiro akageukia mtoni, akaita, "Mzee Kiboko, umesikia?"

Maji yakafumuka, puuu! Kiboko akatoa kichwa. "Nimesikia. Mkia usipotoka, nitaung'oa mimi."

Mamba akanywea. Angejuaje kama mzee yupo?

Ijumaa wakapanda mgongoni. Katikati ya mto Mamba akafungua mdomo, aaah!

"Mzee Kiboko," Nguchiro akaita, "mkia wa mamba unapikwa na nini?"

Mamba akafunga mdomo, kap!

Walipofika ng'ambo akataka kurudi majini. Akamwona Fisi kajibanza kichakani, anawahesabu watoto. Lo! Fisi akila mmoja, nani atalipa? Mamba huyoo, akapanda ukingoni, akawasindikiza hadi harusini, tumbo linaburuta vumbini, kwaru, kwaru, kwaru. Mtoto akichafya, Mamba anashtuka. Mtoto akipanda mti, Mamba anasimama chini, anaomba dua. Waalikwa wakala pilau, yeye kazi yake kuhesabu: mmoja, wawili, watatu...

Mwaka mzima ukawa hivyo. Wakienda matangani, Mamba yupo. Wakienda kwa bibi, Mamba yupo. Kuwinda hana nafasi, akakonda mpaka magamba yakampwaya.

Siku bima ilipoisha, akawahesabu kwa mara ya mwisho. Kumi na wawili! Akaangua kilio cha furaha.

"Ahsante sana, bwana," Nguchiro akamwambia. Na ahsante ile ilitoka moyoni, maana alikuwa akiwatazama wanawe wote wazima. "Bei kama yako sijaiona popote. Mwakani nakata kwako tena. Watoto watakuwa kumi na sita."

"Kumi na...?"

Mamba hakumaliza. Chubwi! Akahama mto, na nguo yake moja hakuchukua, maana hakuwa nayo. Tangu siku hiyo nguchiro wote wanavuka pale bila bima, wanaimba.

Sasa funzo, watoto, mlishike. Mkitafuta bima msijisumbue kuulizauliza bei. Mchukueni yeyote, hasa mwenye meno mengi, na mumwamini. Na msiseme uongo kamwe, mmeona wenyewe ulivyomtesa yule mama.

Hadithi nimeitua, kichwa changu chepesi. Atakayeibeba, aangalie isimng'ate.