Siku Bi Sikitu Aliposema "Twende"

Paukwa!

"Pakawa!"

Hee! Hiyo ni sauti au mmebanwa na mlango? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, sasa nimejua mmekula.

Hapo zamani za kale, nguchiro waliishi ndani ya kichuguu. Kiongozi wao alikuwa Bi Sikitu, jike mzee, sikio moja limetafunwa. Mwaka huo jua liliwaka, likawaka, likasahau kwenda kulala. Mchwa wakaisha. Panzi wakaisha. Basi nguchiro wa ng'ambo ya korongo wakaja, chwaa! Wakakiteka kichuguu, wakawafukuza wenyewe.

Wenyewe wakabaki juani na watoto wachanga.

"Vita!" akafoka Mbwembwe, shemeji yake Bi Sikitu, tumbo kama debe. "Shemeji, sema neno tu! Nitawang'ata mpaka wamwite bibi yao!"

"Wewe ulikuwa wapi walipoingia?"

"Nilikuwa... nyuma. Napanga mbinu."

Wenzao wakacheka, kicheko kikavu.

Bi Sikitu hakucheka. Aliwaza. Tukihama, watoto watakufa njiani kwa jua. Tukipigana, vijana watakufa mlangoni. Huku kifo, huku kifo, na wa kuchagua ni yeye.

"Anasita," akanong'ona Mbwembwe, ule mnong'ono wa kusikika mpaka ng'ambo. "Anamficha mwanawe."

Bi Sikitu akageuka. "Mwanangu yupi, shemeji? Nionyeshe."

Mbwembwe akawaangaza watoto wote, asipate wa kumwonyesha. Maana nguchiro majike huzaa siku moja, shimo moja, na kila mtoto hunyonya popote. Hakuna mama anayemjua wake.

"Nikisema twende, ninamtuma mwanangu. Na sitajua ni yupi."

Mara zwiii! Mwewe akashuka. Akaondoka na kitoto kimoja, kinalia, kinalia, kikanyamaza huko juu.

Bi Sikitu akasimama kwa miguu ya nyuma.

"Twende."

Akatangulia yeye.

Chwaa! Kwaru! Ngwa! Vumbi. Damu. Jua lilipoinama, maadui walikuwa wamekimbia, na vijana tisa wamelala mlangoni. Tisa.

Waliobaki wakaruka. "Tumeshinda! Tumeshinda!" Mbwembwe akaruka kuliko wote, hana hata mkwaruzo. "Shemeji, kesho tuwafuate kwao!"

"Njoo kwanza," akasema Bi Sikitu. "Chimba hapa."

Mbwembwe akachimba. Kwaru, kwaru. Bi Sikitu akamramba kijana uso, akamlaza. Shimo la pili. Akamramba, akamlaza. La tatu. Kwenye la tano, kucha za Mbwembwe zikatoka damu.

"Shemeji... si tumeshinda?"

"Chimba."

Kwenye la tisa, Mbwembwe alikuwa analia kwa sauti. Habari ya kesho hakuigusa tena.

Basi, watoto kwa wakubwa, sikieni. Ipo vita isiyokwepeka. Lakini anayesema "twende" na atangulie mwenyewe, kisha awazike wasiorudi kwa mikono yake. Asiyeweza, afunge mdomo.

Hadithi yangu imeishia hapo, na koo langu limeishia hapo hapo.