Nafasi ya Sauti Moja

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, maana umeme ulikuwepo na ulikuwa ukikatika, aliishi Tukuyu fundi redio aitwaye Anyosisye. Alimpenda mkewe Tumpe, akamtengenezea saa ya mezani yenye sauti yake mwenyewe. Kila alfajiri saa ilisema: "Tumpe, amka. Chai nimeshaibandika."

Fundi akafariki. Saa ikaendelea kusema, na Tumpe akaendelea kuamka, ingawa chai sasa aliibandika mwenyewe. Siku moja paa likavuja juu ya saa, sauti ikanyamaza. Tangu hapo Tumpe hakuona sababu ya kuamka. Jua lilimkuta kitandani, jiko limepoa, na majirani wakaanza kuhofia maisha yake.

Akaja Lugano, aliyefundishwa kazi na marehemu. Chipu iliyobeba sauti ilikuwa imeshika kutu miguu yote. Akaipasha moto polepole, akaing'oa bila kuvunja hata mguu mmoja.

Akaja Atupele, mwenye kimashine kinachosoma na kuandika chipu za kila aina, za redio, za magari, hata za mashine za kufulia. Kila aina, isipokuwa hii ya kizamani. Basi akakaa nacho, akakifundisha. Akaisoma chipu, ikatoa mikwaruzo. Akaisoma tena, ikatoa neno. Akaisoma tena na tena, akaunganisha vipande, mpaka Anyosisye akasema yote. Lakini chipu yenyewe ilikuwa imekwisha, na za namna ile hazikuuzwa tena popote.

Akaja jirani, mzee Gwakisa, kiziwi wa siku nyingi. Naye alikuwa na saa aliyotengenezewa na Anyosisye, yenye sauti ya marehemu mkewe. Atupele akaijaribu chipu yake, kisha akamwandikia: "Babu, hii fundi aliifunga. Kufutika inafutika, kusomeka haisomeki. Tukiitumia, sauti ya bibi imepotea."

Gwakisa akasoma. Akaweka kiganja juu ya saa yake kwa muda.

"Futa," akasema.

Alfajiri iliyofuata saa, sasa yenye chipu ya Gwakisa, ikamwita Tumpe kwa sauti ya mumewe. Akaamka, akalia, akabandika chai ya watu wanne. Atupele akamwambia kwamba ndani ya chipu imebaki nafasi ya sauti moja fupi.

"Aliyenirudishia mume wangu ndiye aseme baada yake," Tumpe akasema. "Nitamsikia kila siku mpaka nife."

Lugano akasema: "Mama, mkono wangu ungeteleza kidogo tu, pasingekuwa na cha kusoma. Na mumeo ndiye aliyenilea. Niache nikuamkie kama mwanao."

Atupele akasema: "Lugano alitoa chipu inayokata roho. Sauti niliitafuta mimi, kipande kwa kipande. Na babu alitoa kitu ambacho hata hakisikii."

Akajuta papo hapo, maana mzee alikuwa akimtazama midomo.

Gwakisa akasema: "Mke wangu nilikuwa namsikia kwa kiganja. Saa ikitetemeka, najua ananiita. Sasa imetulia. Ningetaka kutaja jina lake tu, lisikike mahali."

Jina la mke wa mwenzako, kila alfajiri, chumbani mwako. Tumpe akamimina chai vikombe vyote. Taa ya kimashine inawaka, kinasubiri mtu mmoja.

Haya, ninyi mnaojifanya mmesinzia: nani alistahili kusema baada ya Anyosisye?