Tunguu Lililolala Shambani kwa Bi Mashavu

Palikuwa na tajiri aliyependa maua kuliko watu, na hilo silisemi kwa ubaya, maana maua hayakuwahi kumlalamikia. Jina lake Harithi. Alilima yale maua yanayochipua kutoka kwenye tunguu, mfano wa kitunguu cha mchuzi, akiwauzia wakubwa wa mjini. Wakubwa waliyatia kwenye vyombo vya shaba, wakayatazama mpaka yakanyauka. Kazi ya heshima sana.

Siku moja Harithi akaliona shamba la Bi Mashavu, mjane aliyelima maharage kando ya mto. Udongo mweusi, maji karibu. Akamwendea na lile tabasamu lake la sokoni.

"Nikodishie msimu mmoja tu, bibi. Nikishatoa changu ardhini, shamba lako hilo."

Paa la Bi Mashavu lilikuwa linavuja, na kodi ya msimu ingetosha kuezeka upya. Akakubali mbele ya majirani.

Maua yakachanua, yakakatwa. Vibarua wakang'oa matunguu, wakayapakia kwenye punda. Bi Mashavu akaja na jembe begani na mbegu za maharage kwenye pindo la kanga. Akamkuta Harithi amesimama mpakani.

"Unakwenda wapi?"

"Shambani kwangu."

"Bado kuna changu humo."

"Kipi? Naona udongo mtupu."

"Tunguu moja. Limelala pembeni pale, penye kile kijiti."

"Nikung'olee? Sitaki hata asante."

"Ukiligusa, wewe mwizi. Tulisema nikishatoa. Mimi, si wewe."

"Na utalitoa lini, Bwana Harithi?"

"Likiamka."

"Litaamka lini?"

"Liulize lenyewe."

Haukupita muda, vibarua wakarudi kupanda maua shamba zima. Harithi alieleza kwamba hakutaka lile tunguu lilale peke yake. Mtu ana huruma huyu, jamani!

Bi Mashavu alirudi nyumbani akakaa chini ya paa lake jipya, hana cha kupika. Alilia kidogo. Kisha akajifunga kanga, akaenda kushtaki kwa kadhi.

Kadhi Muhidini alikuwa mtu wa haki, asiyeegemea upande wowote. Ila baraza lake lilinukia maua ya Harithi kuanzia mlangoni mpaka kwenye mto aliouegemea. Siku ya kesi majirani walijaa tele, kwa sababu Harithi alikwisha kuanza kuyatabasamia na mashamba yao.

"Bibi," akasema kadhi, "ulikubali akae mpaka atoe chake?"

"Nilikubali."

"Ametoa?"

"Ametoa vyote, akaacha kimoja makusudi."

"Makusudi yamo moyoni mwa mtu. Mimi sihukumu mioyo, nahukumu udongo." Akakohoa kidogo, akanyoosha kidole. "Mwenye chake ndani ya ardhi, ardhi hiyo ni yake mpaka chake kitoke. Wala halazimishwi kukitoa."

Harithi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Alikuwa amekuja na leso safi ya kumwazima mjane afute machozi. Mjane hakuihitaji.

"Sheikh kadhi, mimi mjinga, nieleweshe. Hata kama kilichomo ni kimoja tu?"

"Hata kimoja."

"Hata kama kimelala tu, hakichipui?"

"Hata kikilala."

"Na kama juu yake kuna mtu mwingine, ameshapanda, ameshajenga?"

"Hana lake hapo. Ahame!"

"Na hukumu hii ni ya Bwana Harithi peke yake, au ni ya kila mtu?"

Kadhi akavimba kama andazi kwenye mafuta. "Mimi sina hukumu ya tajiri na hukumu ya maskini! Ni ya kila mtu!"

"Mmesikia?" Bi Mashavu akawauliza majirani.

"Tumesikia!"

Akamgeukia Harithi. "Bwana mkubwa, lile jumba lako jipya la kilimani, umelijenga wapi?"

"Si umeshasema, kilimani."

"Kilimani mahali gani?"

Harithi akaanza kukunja leso yake. Akaikunja, akaikunja tena. Sauti ikatoka nyuma ya baraza: "Kwenye makaburi ya zamani! Alisawazisha yote, na tulipopiga kelele akatuambia wafu hawashtaki!"

Kadhi akautazama mlango.

"Basi hama, Bwana Harithi," akasema Bi Mashavu kwa upole. "Babu yangu yumo chini ya sebule yako. Amelala. Akiamka, nitamtoa."