Mkono wa Mzee Faki

Chaza haogopi makali. Mmeisikia leo mkacheka, mkauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Kisiwani Makoongwe aliishi seremala aitwaye Mzee Faki. Alijivunia mambo mawili: patasi zake zilizonyoa hata nywele za mkono, na ulimi wake uliofanana nazo. Siku moja binti yake, Mize, alirudi kutoka kwa mumewe na bunda la nguo kichwani. Akaingia chumbani, akanyamaza.

"Umefukuzwa au umetoroka?" Mzee Faki alifoka mlangoni, asubuhi na jioni. "Sema! Usitutie aibu!"

Siku tatu Mize hakufungua kinywa.

Siku ya nne mama yake alileta kikapu cha chaza, akakiweka uani, akaenda msibani. Mzee Faki aliona njaa. Akachagua patasi kali kuliko zote ili afungue maganda ya chaza mmoja. Ikateleza, ikamega ganda, chaza yu vile vile. Akachukua kisu cha samaki, ncha ikakatika. Akairudia patasi, akaisukuma kwa hasira. Safari hii ikazama kwenye kiganja chake.

Alipiga yowe. Mize akatoka mbio, akamfunga mkono kwa kipande cha kanga, akakibana mpaka damu ikakata. Kisha akaingia jikoni akarudi na kisu kifupi, kinene, butu kama kijiko. Akamshika chaza kwa kitambaa, akapenyeza ncha pale maganda yanapoungana, akazungusha polepole. Chaza akaachia.

"Kwa kisu butu hicho?"

"Kikali kinateleza, baba. Kinampata mtu, chaza hakimpati. Huyu hakatwi. Anabembelezwa."

Mzee Faki akamtazama akifungua wa pili, na wa tatu. Ndipo akaona jinsi vidole vya mwanawe vilivyokonda. Sauti ikamshuka.

"Mwanangu, umekula chochote tangu ufike?"

Mize akaweka kisu chini. Machozi yakamtoka.

"Mimba ilitoka, baba. Mume wangu hakusema neno, akawa analala kwa mama yake. Nilijua na hapa nitaulizwa kosa langu."

 Mzee Faki alimvuta kwa mkono wake mzima, wakakaa hivyo mpaka mama aliporudi.

Baada ya siku mbili, mume, Hamadi, akaja. Majirani wakajisogeza uani wasikie Mzee Faki atakavyomchanachana. Yeye akatandika jamvi.

"Karibu, mwanangu. Keti. Na wewe umefiwa, na hakuna aliyekupa pole. Pole."

Hamadi akaanguka magotini akalia kwa sauti. Alikuwa hajui, akasema, mwanamume aliyepoteza mtoto asiyezaliwa amwambie nini mkewe. Mize alisikia kutoka ndani. Akatoka, akaketi kando yake.

Jirani mmoja akamvuta mzee pembeni. "Faki, leo ulimi wako umepatwa na nini? Mbona hukumkaripia?"

Mzee Faki akainua mkono wake uliofungwa.

"Chaza," alisema, "haogopi makali."