Mawe Matatu ya Siwema

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona mnaitika kinyonge? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa tulieni. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kilichompima msichana kwa mchele. Siku ya kula mpunga mpya, kila msichana alipika mchele aliouchambua mwenyewe, wazee wakatafuna. Jiwe moja, husamehewa. Mawili, huonywa. Matatu, hunyang'anywa ungo akapelekwa shambani kuwinga ndege wasile mpunga, na jina lake huwa Mvivu mpaka kufa.

Siwema alikuwa na miaka kumi na mitano. Akapepeta, pe! pe! pe! Akachambua tangu alfajiri. Lakini kitu chekundu kilielea mbele yake, kama uzi wa damu ndani ya maji. Akisogeza jicho, nacho kinasogea. Akamwambia mama yake.

"Macho ni maradhi ya wazee," mama akasema. "Wewe chambua."

Wazee wakatafuna. Kach! Kach! Kach!

Mzee Kigombe, mkuu wa karamu, akalitema kiganjani jiwe la tatu. "Mvivu! Lete ungo."

Siwema akaukumbatia ungo. "Sitoi! Nimechambua. Sioni, babu, sioni!"

"Haoni! Mbona kwenye ngoma anaona?" mtu mmoja akadakia. Watu wakacheka, kwa! kwa! kwa!

Bi Nyamvula hakucheka. Huyu ndiye mkunga aliyewapokea watoto wote pale. Akainua mkono. "Mjukuu wangu, ziba jicho la kulia. Vidole vingapi?"

"Hata mkono siuoni, bibi. Ulianza uzi kama wa damu, sasa naona wekundu tu."

"Sasa ziba la kushoto."

"Vitatu. Na pete."

Bi Nyamvula akawageukia. "Kaka yangu naye alianza kwa uzi wa damu. Kijana kama huyu! Mkamwita mzembe, mkamwita mzembe, mpaka akatumbukia kisimani. Nani kawaambia macho hungoja mvi?"

"Ndiyo desturi yetu, Bi Nyamvula," Mzee Kigombe akasema.

"Basi desturi yako nayo izibe jicho! Watoto wote, jipangeni!"

Wakajipanga. Jicho la kulia. Jicho la kushoto. Akapatikana mwingine: mjukuu wa Mzee Kigombe mwenyewe, yule aliyechapwa kila alipovunja chungu. Mzee Kigombe akakaa chini, pu! Jiwe bado li kiganjani.

Jicho la kushoto la Siwema halikurudi. Lakini ungo nao hakuutoa. Tangu hapo, hakuna aliyeonja mpunga mpya kabla watoto wote hawajaziba jicho moja, kisha la pili. Bi Nyamvula alishakufa, lakini kuziba huko bado kunaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo mtoto akikwambia haoni, muulize jicho lipi. Usimwite mvivu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na wewe uliyecheka pale walipocheka, anza wewe kuziba jicho.