Kiboko Aliyeyaonea Wivu Manyunyu ya Chura

"Hadithi imenikaa kooni!"

"Iteme, Bibi, tuisikie!"

Kwanza apeni. Shika sikio, sema: sitamwambia mtu. Haya. Na mimi niliapa hivyohivyo kwa shoga yangu, basi sogeeni.

Maji ya mto yalipofungwa kwenye bwawa la umeme, maporomoko yakanyamaza. Vyura wa genge la maporomoko hayo, kila mmoja ukubwa wa kunde, wakaanza kukauka ngozi. Watu wa umeme wakaingiwa na huruma, wakatandaza vibomba juu ya majani. Vikawa vinawanyunyizia mchana kutwa: fyuu, fyuu, fyuu.

Kiboko akaona. Wivu ukamkaba. Chura anaogeshwa, Kiboko hatazamwi! Chura anasalimiwa asubuhi, Kiboko anafukuzwa! Akila nyasi, hazishuki. Akilala, hapati usingizi. Siku moja akanyata, akauma kibomba: kacha! Manyunyu yakakatika.

"Nani kauma bomba?" wanyama wakauliza.

"Si mimi," akasema Kiboko. "Mie meno yananiuma wiki nzima."

Bi Kunde, mama wa vyura, watoto wake wamelala juu ya jiwe, midomo wazi. Akaona kipande cha bomba kwenye jino la Kiboko. Akamrukia sikioni.

"Mjomba, afadhali kimekatika. Kile kilikuwa cha makombo tu. Utamu wote uko kwenye lile bomba nene, pale mwambani. Maji yake yanang'arisha ngozi hayo! Lakini usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?" akajibu Kiboko, mguu uko njiani. "Na siku zote ulinificha, mchoyo wee!"

Bomba nene lilitoka bwawani moja kwa moja. Kiboko akaangaza huku, akaangaza kule, akauma: kacha! Maji yakamwingia kwa kishindo. Mashavu yakavimba, bum! Yakatokea puani, fyuuu! Yakatokea masikioni, fyuuu! Anataka kuachia, meno yamenasa. Genge zima likalowa. Watoto wa Bi Kunde wakaamka, wakaanza kuruka: tiki, tiki, tiki.

Watu wa umeme wakaja mbio. Wanyama wakaja mbio.

"Mjomba," Bi Kunde akauliza mbele ya wote, "nani kauma bomba?"

"Thi mimi!" akasema Kiboko, bomba mdomoni.

Funzo lake, wajukuu: ukipewa siri, itunze kama ninavyoitunza mimi. Hadithi nimeitema, atakayeiokota asiseme kaipata kwangu.