Kwa Nini Kuku Hunywa Maji Akitazama Juu

Zamani hizo kuku alikunywa maji kama ng'ombe: anainama, anakunywa mpaka kiu iishe, ndipo anainuka. Kisiwani kwao palikuwa na kisima kimoja, na kando ya kisima nguzo. Wenzake wakinywa, kuku mmoja alikaa juu ya nguzo kuwalinda. Mlinzi hakuambiwa ashuke hata siku moja. Kiu yake mwenyewe ilimshusha, mwingine akapanda. Ndiyo ilikuwa sheria yao yote, na ilitosha.

Adui wao alikuwa Mwewe, mzee wa kutoka mbali, aliyekula vifaranga wao vizazi na vizazi huku akitaka ashukuriwe. Bi Tembe, mkubwa wa kuku, alikuwa amebakiwa na vifaranga wanne kati ya kumi na mmoja.

Ng'ambo ya bahari aliishi Tai. Nchi yake ilikuwa pana, na aliipata kwa kuwasukuma wenyeji mpaka wakabaki pembeni. Alipofika ufuko wa mwisho, ardhi iliisha lakini hamu haikuisha. Maghala yake yalifurika mahindi hata yakaota ukungu, na wa kuyala hakuna. Wanawe, wasomi watupu, walikaa matawini bila kazi wakimnunia baba yao. Kina Kipanga, majirani zake, kila mmoja alikuwa na kisiwa, naye Tai aliona haya kuketi nao barazani mikono mitupu. Tena mbawa zake zilichoka katikati ya bahari. Alitaka mahali pa kutua. Hayo yote hakuyasema. Alisema anawahurumia kuku.

Siku alipopita juu ya kisiwa, Bi Tembe alimwita.

"Mama, umeziona kucha zake?" akauliza Mzee Kuchi, mumewe.

"Nimeziona. Ndizo ninazozitaka kwenye mgongo wa Mwewe."

Vita havikumaliza asubuhi moja. Mwewe alikimbia, nusu ya manyoya kayaacha mchangani. Kuku wakacheza mpaka vumbi likapanda, na Bi Tembe akampa mgeni heshima kubwa kuliko zote walizokuwa nazo.

"Panda nguzoni, baba. Leo utulindie wewe."

"Temporary tu, mama," akasema Tai. "Mkijifunza kujitawala, nashuka."

Bi Tembe akacheka. "Tunajitawala tangu enzi za mabibi zetu!"

"Yes, yes. Nitawafundisha vizuri zaidi."

Kuku wakanywa, wakangoja mgeni aone kiu. Jua likapanda, likashuka. Siku ya tatu Bi Tembe akamwuliza, "Baba, huna kiu?"

"Sina."

Hakuelewa. Maishani mwake hakuwahi kuona mlinzi asiyeona kiu, na hakuna aliyemwambia kwamba Tai hupata maji yake ndani ya nyama. Siku ya nne akainama kunywa na vifaranga wake wanne. Alipoinuka walikuwa watatu, na kule juu Tai alikuwa anapangusa mdomo.

"Shuka!" akapiga kelele. "Shuka, nasema!"

"Nikishuka mtapigana wenyewe kwa wenyewe. Na Mwewe je, akirudi?"

Hata wiki haikuisha, wana wa Tai wakaja na magunia ya mahindi ya ukungu, wakapiga marufuku kuchakura: kila kuku ale hayo hayo, tena ashukuru.

Mzee Kuchi alimwangalia mkewe. "Umemfukuza kibaka, ukampa jambazi ufunguo."

Bi Tembe aliwakusanya watatu waliobaki chini ya mbawa zake, akawafundisha kunywa upya, tone moja moja.

Na tangu siku hiyo kuku hanywi kwa raha. Huchota tone, huinua kichwa, humeza, huinama tena. Watu wakimwona husema anamshukuru Mungu. Wapi! Anatazama nguzo, kuona kama yule mlinzi aliyemwita mwenyewe ameshapata kiu.